Wakili Woo sebuleni kwetu: mimi niliganda, dada yangu akainuka kwenda kuosha vyombo

Mimi ni karani kwenye ofisi ya wakili hapa Morogoro, huu mwaka wa nane. Kazi yangu ni kupanga mafaili, kupeleka nyaraka masijala, na kuwapigia wateja simu kuwaambia kesi imeahirishwa. Ndiyo maana tamthilia za mahakamani nilikuwa nazikimbia. Mchana kutwa nashinda na mahakama, halafu jioni nikae nitazame mahakama nyingine, tena ya Kikorea?

Aliyeniponza ni binti wa jirani. Alinijazia sehemu zote 16 za Extraordinary Attorney Woo kwenye flashi, akaniambia, "Dada, ukimaliza ya kwanza hujaipenda, nirudishie flashi yangu." Flashi ninayo mpaka leo. Ila niseme ukweli, ilipofika sehemu ya 5 maandishi ya chini yalianza kutangulia maneno: mtu analia, maandishi yanacheka. Nikanunua bando, nikalipia Netflix mwezi mmoja ili niimalize kwa raha. Sijutii, ingawa kila sehemu ni zaidi ya saa nzima na bando linayeyuka.

Tamthilia hii ilionyeshwa Korea Kusini mwaka 2022, kila Jumatano na Alhamisi, kuanzia Juni 29 hadi Agosti 18, kwenye kituo kidogo kiitwacho ENA. Usiku wa kwanza watazamaji hawakufika hata asilimia moja, ilikuwa 0.9. Usiku wa mwisho walikuwa asilimia 17.5. Watu waliambizana kama vile yule binti alivyoniambia mimi. (Nitataja yaliyomo, kwa hiyo kama hupendi kusimuliwa ishia hapa.)

Woo Young-woo ni wakili mpya mwenye usonji, ameajiriwa kampuni kubwa ya mawakili Seoul inayoitwa Hanbada. Tunamkuta kwanza akiwa na miaka mitano, hajawahi kutamka neno. Baba yake anamlea peke yake. Siku moja mwenye nyumba anamvamia yule baba kwa wivu wa mke, anamkunja shati, anampiga, na katikati ya vurugu mtoto anafungua mdomo kwa mara ya kwanza: anataja kosa la kujeruhi na kusoma kifungu kizima cha sheria ya jinai, adhabu na faini yake. Kumbe baba alisomea sheria na vitabu vyake vilikuwa mle ndani, mtoto kavimeza vyote. Hapo nilicheka kwa sauti, mama akaja kuuliza kuna nini, akakaa, hakuondoka tena.

Kesi yake ya kwanza ndiyo iliyoninasa. Bibi mmoja amempiga mumewe pasi kichwani. Mume ana ugonjwa wa kusahau, amemsumbua kwa tuhuma za uongo mpaka basi. Shitaka ni kujaribu kuua. Kila mtu anamhurumia bibi, na njia inaonekana nyeupe: akiri, aombe huruma, apewe kifungo cha nje, arudi nyumbani. Ofisini kwetu tungefunga faili tukaenda kunywa chai. Wakili Woo anagoma. Anasema tatizo haliko kwenye jinai, liko kwenye mirathi. Sheria ya Korea inamnyima urithi anayejaribu kumuua mwenzi wake kwa makusudi. Akitiwa hatiani kwa kosa hilo, hata asipolala gerezani usiku mmoja, mzee akifa bibi hana kitu. Nilisimamisha picha nikamwelezea mama mara mbili. Miaka minane nimeona watu wakishangilia kutoka na kifungo cha nje, halafu miezi sita baadaye wanarudi ofisini na barua nyingine mkononi. Aliyeandika ile sehemu anajua kwamba hukumu huwa haiishii mlangoni pa mahakama.

Mengine tuyaache kama yalivyo, ni tamthilia. Kesi nyingi zinaanza na kwisha ndani ya saa moja na dakika kumi. Hakuna "kesi imekuja kwa ajili ya kutajwa", hakuna "upelelezi haujakamilika", hakuna hakimu aliye safarini. Mawakili wao wanaingia na suti zao za kawaida, joho ni la majaji na waendesha mashitaka. Mama alisikitika sana kwa hilo. Yeye anaamini wakili bila gauni na zile bendi nyeupe shingoni ni mtu wa bima tu.

Mama hasomi Kiingereza kwa kasi, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wa sebule, na nakiri nusu ya raha niliipata humo. Chukua jina. Wakili Woo kila akijitambulisha anasema jina lake ukilisoma mbele au nyuma ni lile lile, kisha anataja maneno ya Kikorea yenye tabia hiyo, tomato, yaani nyanya, likiwemo. Ukiyaweka kwa Kiswahili utani unakufa. Nikakaa nikafikiri: wao wanahesabu silabi, si herufi. Woo-Young-woo. Sasa sisi silabi tumejaliwa! Nikamwambia mama: kaka, dada, popo, kuku, Kibaki. Mama akarudia, "Ki-ba-ki," akahesabu kwa vidole, akaangua kicheko. Kwa wiki mbili ikawa ndiyo salamu ya nyumbani.

Sehemu ya 5 ilinitoa jasho zaidi. Wakili mwenzake, Choi Su-yeon, anauliza yeye apewe jina gani la utani, na Woo anamjibu kwamba yeye ni mwanga wa jua la majira ya kuchipua, halafu anamhesabia mambo madogo aliyomtendea tangu chuo: kumwambia ratiba ilipobadilika, kumfungulia kifuniko cha chupa. Majira ya kuchipua Morogoro yako wapi? Nikasema, "Anamwambia wewe ni jua la siku ya kwanza baada ya masika." Mama alinyamaza, kisha akasema, "Siku unayotoa magodoro nje." Sidhani kama mwandishi angekataa.

Chakula nacho kilizua mjadala. Wakili Woo anakula kimbap tu, wali uliokunjwa ndani ya mwani na kukatwa vipande, kwa sababu kilichomo anakiona chote na hakuna kitakachomshtua mdomoni. Mama akauliza kama ni mwani ule wa akina mama wa Zanzibar. Nikamwambia si aina ile. Lakini hapo hapo wote wawili tukatazamana, maana tulikuwa tumemkumbuka mtu.

Dada yangu ana mtoto wa kiume wa miaka tisa. Kwa desturi ni mwanangu pia, mimi mama yake mdogo. Anakula wali mweupe na yai la kukaanga, visigusane kwenye sahani. Alipochelewa kuongea ukoo ulisema ana udata, akakatwa. Wakasema amerogwa, akapelekwa. Neno usonji lilikuja kutajwa hospitalini akiwa na miaka minne. Kwa hiyo niliposhikwa na hii tamthilia, kwa akili yangu fupi, nikaona nimempatia dada zawadi. Walipokuja Pasaka nikaiweka ile sehemu ya kwanza, nikakaa pembeni nikimtazama uso, nikisubiri afurahi.

Alitazama dakika ishirini hivi. Akainuka akaenda kuosha vyombo. Nikamfuata. Bila kugeuka akasema, "Huyo wako anaongea. Anasoma vifungu. Wangu hajawahi kuniita mama."

Sikuwa na jibu. Nilishika kitambaa nikaanza kufuta sahani.

Nilipofika sehemu ya 3 wiki iliyofuata ndipo nikagundua walioitengeneza walikuwa wamemsubiri mtu kama dada yangu. Kijana wa miaka 21 mwenye usonji anashitakiwa kwa kusababisha kifo cha kaka yake, mwanafunzi wa udaktari, fahari ya nyumba. Huyu haongei kama Woo. Ana mwili mkubwa na akili ya mtoto mdogo, anapiga kelele, anajipiga, anampenda Pengsoo, yule pengwini wa televisheni ya watoto kule kwao. Hanbada wanamtuma Woo wakidhani mwenye usonji atamwelewa mwenye usonji mwenzake, na Woo anawaambia waziwazi kwamba usonji una sura nyingi na yeye hana ufunguo wa huyu kijana. Wazazi wenyewe wanaumia kumwona: kumbe mtu anaweza kuwa na usonji na akawa wakili, sasa mwanetu je? Ndiyo sentensi ya dada yangu, imetoka Seoul.

Halafu kunakuja mambo mawili ambayo sikuyategemea kwenye tamthilia inayouzwa kwa utamu. La kwanza, Woo anamsimulia mtazamaji habari za Hans Asperger, daktari wa Vienna enzi za Wanazi na mmoja wa watafiti wa kwanza wa usonji, aliyeamua mtoto gani anastahili kuishi na yupi hastahili, kisha anakuja kwenye maoni ya watu wa leo mtandaoni: heri angebaki yule wa udaktari. La pili, mwendesha mashitaka anamgeuzia kibao mbele ya mahakama: mnasema usonji unapunguza uwezo wa mshitakiwa, na wakili wenu naye ana usonji, sasa tumwamini vipi? Kijana anaokoka. Ukweli unaojitokeza ni kwamba siku ile alikuwa akihangaika kumwokoa kaka yake, na zile kelele alizosikika akipiga zilikuwa za kumzuia asife. Lakini Woo anaandika barua ya kuacha kazi. Ameshinda na bado ameona kwamba kuwepo kwake kulimdhuru mteja. Nimefanya kazi na mawakili wengi. Sijaona hata mmoja aliyejiuliza hivyo.

Hii kwangu ndiyo sehemu bora kuliko zote 16, na kama una ndugu mwenye mtoto wa usonji anza nayo hiyo. Usifanye kosa langu.

Park Eun-bin anayecheza Woo, watayarishaji walimsubiri karibu mwaka mzima akimalizia kazi nyingine, na mwaka 2023 akachukua tuzo kuu ya televisheni kwenye Baeksang, tuzo kubwa za sanaa za Korea Kusini. Sishangai. Angalia vidole vyake anapokaribia ule mlango wa kuzunguka wa kioo pale ofisini. Hajui aingie lini, mlango unampita, anarudi nyuma, mpaka Jun-ho, kijana anayefanya naye kazi Hanbada, anamfundisha aingie kwa mwendo wa dansi ya wolzi, moja mbili tatu. Hakuna maneno mengi pale na unaelewa kila kitu.

Nilipochoka ni baadaye. Mapenzi ya Woo na Jun-ho yanaanza vizuri kisha yanazunguka kama huo mlango. Habari ya mama mzazi aliyemtelekeza, ambaye eti sasa ni mkubwa wa kampuni pinzani na anapendekezwa uwaziri wa sheria, ni chumvi ya kutupia kwa konzi. Yule wakili mwenzao mwenye fitina, Kwon Min-woo, wanamsafisha harakaharaka mwishoni na kumpa penzi na Su-yeon. Su-yeon! Mama alisonya sonyo moja refu, nikalisikia mpaka jikoni. Na zile mbili za kisiwa cha Jeju zina kesi nzuri ya hekalu linalotoza watu kiingilio barabarani, lakini imezamishwa kwenye utalii, tambi na ugonjwa wa bosi.

Sehemu ya 7 na ya 8, za kijiji kinachotaka kukatwa na barabara, tumezirudia mara tatu kwa ajili ya mti. Ni paengnamu mkubwa juu ya kilima, matawi yameenea kama mwavuli, na wanakijiji wazee hawana hoja nyingine zaidi ya kukupeleka ukauone. Mti wenyewe ni wa kweli, uko Changwon kusini mwa nchi, una umri wa miaka 500 hivi. Baada ya tamthilia watu walifurika pale, na Oktoba 2022 serikali ikautangaza kuwa kumbukumbu ya asili inayolindwa, jambo lile lile walilolipigania kwenye hadithi. Mama anasema kama ingekuwa kwetu wangeukata kwanza halafu ndipo kesi itajwe.

Watoto wa mtaani wanaipenda kwa nyangumi. Kila Woo anapopata wazo, upepo unampuliza nywele na nyangumi anaruka angani katikati ya majengo ya Seoul. Mtoto wa dada yangu naye, ambaye Wakili Woo hamhusu kabisa, akisikia ule muziki anaacha kutazama feni ya darini, anakuja mpaka kwenye televisheni na kuweka kiganja kwenye kioo. Nyangumi akiondoka, anarudi kwenye feni. Nilikuwa nafuta zile alama kila jioni, siku hizi nafuta Jumamosi.

Sehemu ya 3 dada aliitazama kwao, peke yake, kwa simu yangu niliyomwachia. Hakuniambia kitu, alinirudishia simu ikiwa haina chaji. Juzi kanipigia usiku. Yuko kwenye ya 6, ile ya mama aliyekimbia Korea Kaskazini, akatenda kosa, akajificha miaka mitano amlee kwanza binti yake mpaka afikie umri wa kumkumbuka, ndipo akajisalimisha. Alitaka kujua kama yule mama anafungwa. Nilipofungua mdomo nimjibu akasema, "Hapana, acha, usiniambie. Nitumie bando tu."