Lockheed L-188 Electra: Ndege Nzuri Iliyobeba Jina Baya

Ukiwauliza wapenzi wa ndege za zamani kuhusu Electra, wengi watakutajia mabawa yaliyong'oka angani kabla hawajakutajia jambo lingine lolote. Sifa hiyo mbaya ina msingi, na sitaificha. Hata hivyo, baada ya kuipitia historia ya utumishi wake ajali baada ya ajali, hukumu yangu ni kwamba ndege hii ilikuwa na kasoro moja tu kubwa ya kuzaliwa nayo, kasoro hiyo ilitibiwa ikapona, na sehemu kubwa ya misiba mingine iliyoandikwa kwenye jina lake ilisababishwa na watu, hali ya hewa au matengenezo.

Electra iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 6 Desemba 1957, na Januari 1959 ilianza kubeba abiria katika mashirika ya Eastern na American ya Marekani. Ilikuwa na injini nne za Allison 501, za turbopropu (injini ya aina ya jeti inayozungusha propela), kila moja ikiwa na nguvu za farasi 3,750, na kila moja ikizungusha propela yenye mapanga manne mapana na upana wa zaidi ya mita nne. Mabawa yake ni mafupi kwa ndege ya ukubwa ule, kiasi cha mita 30 tu kutoka ncha hadi ncha, na propela zimekaa kwa namna ambayo upepo wake unafagia karibu bawa zima. Matokeo yake ni kwamba rubani akiongeza nguvu, bawa linapata uwezo wa kunyanyua papo hapo, hata kabla mwendo wa ndege haujapanda. Isitoshe, injini ya Allison huzunguka kwa kasi ileile wakati wote angani, kinachobadilika kikiwa ni mafuta yanayoingia na pembe ya mapanga, kwa hiyo hakuna kusubiri injini ipande mzunguko. Kwa ndege inayotua kwenye uwanja mfupi na kulazimika kughairi dakika ya mwisho, hiyo si sifa ndogo, na ndege za jeti za kizazi kile hazikuwa nayo.

Kwa upande wa abiria, ilibeba watu kati ya 66 na 98 kutegemea mpangilio wa viti, na nyuma kabisa kulikuwa na sebule ndogo yenye viti vilivyozunguka ukuta wa mkia. Mwendo wake ulikaribia kilomita 600 kwa saa. Kero ilikuwa mtikisiko na kelele kwa waliokaa karibu na mstari wa propela, jambo ambalo Lockheed, kampuni iliyoiunda, ililipunguza kwa kuinua kidogo pembe ya injini kwenye mabawa.

Msiba wa kwanza ulikuja mapema mno. Tarehe 3 Februari 1959, siku chache tu baada ya American kuanza kuitumia, Electra yake ilianguka katika mto East River ilipokuwa ikikaribia uwanja wa LaGuardia, New York, usiku na katika hali mbaya ya hewa. Watu 65 kati ya 73 walikufa. Uchunguzi uligusa uzoefu mdogo wa marubani katika ndege hiyo mpya, aina mpya ya kipimo cha mwinuko na mpangilio wa taa za uwanja, lakini mwili wa ndege wenyewe haukuonekana kuwa na hatia. Mimi pia siihesabu ajali hiyo dhidi ya Electra.

Ajali mbili zilizofuata ndizo za kuhesabiwa. Tarehe 29 Septemba 1959, Electra ya Braniff iliyokuwa imekabidhiwa kwa shirika hilo siku kumi na moja tu zilizopita ilivunjika angani usiku karibu na mji wa Buffalo, Texas, na watu wote 34 wakafa. Bawa la kushoto lilikuwa limeng'oka, na wachunguzi hawakupata sababu ya kuwaridhisha. Kisha, tarehe 17 Machi 1960, Electra ya Northwest ikapoteza bawa la kulia mchana, karibu na Tell City, Indiana. Mwili wake ulichimba shimo refu ardhini, mabaki ya bawa yakaokotwa kilomita kadhaa kutoka hapo, na watu 63 wakapoteza maisha. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuzungumza tena juu ya bahati mbaya.

Chanzo kilipatikana kwa kushirikisha Lockheed, NASA na hata washindani wa Lockheed, na inafaa kukieleza taratibu kwa kuwa ndicho kiini cha historia ya ndege hii. Propela inayozunguka kwa kasi hufanya kama pia, kile kichezeo cha watoto kinachozunguka: ukiigusa ubavuni, mhimili wake huanza kuyumba kwa duara badala ya kurudi moja kwa moja mahali pake. Fremu inayoishikilia injini kwenye bawa ikiwa imara, myumbo huo hufifia mara moja. Ikiwa imelegea au ina ufa, labda kutokana na kutua kwa kishindo siku za nyuma, myumbo hukua, na kadiri unavyokua ndivyo mapigo yake yanavyopungua kasi. Huanza kwenye mapigo kama matano kwa sekunde, kisha hushuka kuelekea matatu, na mapigo matatu kwa sekunde ndiyo mapigo ya asili ya bawa la Electra. Vikikutana, injini na bawa huchocheana, na bawa huvunjika kwa muda mfupi sana. Kilichohitajika ni mambo matatu kwa pamoja: fremu dhaifu ya injini, mwendo mkubwa na mtikiso wa hewa wa kuanzisha myumbo. Ndiyo maana maelfu ya safari zilikwenda salama kabla ya ule usiku wa Texas, na ndiyo maana majaribio ya awali hayakuliona tatizo.

Kabla jibu hilo halijapatikana, mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, ikiongozwa na Elwood Quesada, ilikataa kuzizuia Electra zisiruke. Badala yake ilishusha mwendo wake wa juu hadi noti 275 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), na siku chache baadaye hadi noti 225, yaani kama kilomita 417 kwa saa, pamoja na kuamuru ukaguzi wa kila ndege. Uamuzi huo ulipingwa vikali wakati ule. Hakuna bawa lingine lililong'oka kwa sababu ile katika kipindi cha mwendo mdogo, na waliomtetea Quesada huishia hapo. Mimi naona bado ni uamuzi mgumu kuutetea, kwa kuwa ulichukuliwa wakati hakuna aliyejua ni nini hasa kilikuwa kikiyang'oa mabawa; namba ile ya noti ilikuwa makisio ya kitaalamu, na abiria ndio waliobeba hatari ya makisio hayo.

Matengenezo yenyewe, kwa upande mwingine, nayapa alama za juu kabisa. Lockheed iliziimarisha fremu za injini na ngozi ya mabawa katika ndege zote kwa gharama yake yenyewe, iliyofikia takriban dola milioni 25, na Januari 1961 kikomo cha mwendo kikaondolewa. Kasoro ile haikurudi. Lakini soko halikungoja. Boeing na Douglas zilikuwa zikiuza ndege za jeti, abiria wa Marekani walikuwa wameshaliogopa jina la Electra, na uzalishaji ukasimama baada ya ndege 170.

Ajali ya Boston, tarehe 4 Oktoba 1960, iliongeza hofu hiyo bila ndege kuwa na kosa la pekee. Electra ya Eastern ilipita katikati ya kundi kubwa la ndege wadogo waitwao kwezi mara tu ilipoacha ardhi, ndege hao wakaingia katika injini tatu kati ya nne, na watu 62 kati ya 72 wakafa majini. Kutokana nayo, Marekani ilianza kudai injini za namna hii zijaribiwe uwezo wake wa kumeza ndege wa porini. Ajali ya Northwest huko Chicago mwaka 1961, iliyoua watu 37, ilitokana na kebo ya usukani wa mabawa iliyofungwa vibaya na mafundi.

Anayetaka kuipima Electra kwa haki aitazame Brazil. Shirika la huko, Varig, liliitumia kwa miaka mingi katika safari za Rio de Janeiro kwenda São Paulo, kutoka uwanja wa Santos Dumont, ambao njia yake ya kurukia ni fupi na ncha zake zote mbili zinaishia majini. Kuanzia katikati ya miaka ya 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, kazi hiyo ilikuwa ya Electra peke yake, mchana na jioni, na haikuua abiria hata mmoja. Wafanyabiashara waliokuwa wakigombea viti vya ile sebule ya mkiani waliipenda kwa dhati. Moja ya ndege hizo imehifadhiwa katika makumbusho ya anga ya Campo dos Afonsos, Rio.

Tukio linaloonyesha zaidi uimara wa chombo hiki, kwa maoni yangu, ni la Reeve Aleutian Airways, tarehe 8 Juni 1983. Ndege ilikuwa imetoka Cold Bay, Alaska, ikielekea Seattle na watu 15. Propela ya injini namba nne ilichomoka nzima, ikapita chini ya mwili wa ndege na kuupasua. Hewa ya ndani ikatoka, sakafu ikajikunja, nyaya za usukani zikabanwa, na injini zikabaki zimekwama kwenye nguvu za mwendo wa kawaida. Marubani waliiongoza kwa kutumia mtambo wa kujiendesha, uliokuwa bado unafanya kazi kwa kiasi. Ili washuke walilazimika kuzima injini moja kabisa, kwa kuwa hawakuweza kuipunguza, na baada ya kughairi jaribio la kwanza walitua Anchorage. Hakuna aliyeumia. Propela iliangukia baharini na haikupatikana.

Kwa upande wa pili wa mizani kuna Galaxy Airlines, Reno, Januari 1985. Mlango mdogo wa kuunganishia hewa ya kuwashia injini uliachwa wazi, ndege ikatikisika ilipopaa, na marubani wakapunguza nguvu za injini zote nne hadi mwendo ukawaishia. Kati ya watu 71, alipona kijana mmoja. Mtikisiko ule peke yake usingeiangusha ndege.

Safari ya shirika la LANSA nchini Peru, tarehe 24 Desemba 1971, iliingia katika ngurumo na radi, ikavunjika juu ya msitu. Juliane Koepcke, msichana wa miaka 17, alianguka takriban kilomita tatu na kutembea siku 11 hadi kupata msaada. Wengine 91 walikufa. Msiba uliochukua roho nyingi kuliko yote ni ule wa Angola, Desemba 1995, ambapo watu 141 walikufa katika ndege iliyopakiwa watu zaidi ya 140, ilhali ilitengenezwa kwa abiria wasiozidi mia moja hivi. Hapo sijui mtu anawezaje kuilaumu Lockheed.

Muundo wenyewe uliishi kwa njia nyingine pia, kwani P-3 Orion, ndege ya doria ya baharini inayosaka nyambizi, ilizaliwa moja kwa moja kutoka Electra na imetumiwa na majeshi mengi duniani. Nazo Electra za kiraia zilizobaki zilipata kazi ya mizigo katika baridi ya kaskazini mwa Kanada, na nyingine zikafungwa matangi ya kuzimia moto wa misituni. Kazi hiyo ya moto inaifaa kuliko zote ilizopewa na mashirika ya abiria: rubani anashuka chini bondeni, anamwaga shehena, kisha anahitaji nguvu zote nne mara moja ili aupite mlima ulio mbele yake, na propela zinazofagia bawa zima humpa nguvu hizo bila kuchelewa.