Vitamini za kumbukumbu kwa wazee: geuza kopo, tafuta B12

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji wa Mwanza yanafanana. Mama ameanza kusahau, mtoto kaenda duka la dawa kuomba "vitamini za ubongo", katoka na B komplex, miezi imepita na hakuna nafuu. Sishangai. B komplex ya kawaida, ile ya vidonge vidogo vya bei ya chini, ina B1, B2, B3 na pengine B6. B12 mara nyingi haimo kabisa! Na upungufu wa B12 ndio unaoweza kumfanya mzee asahau, achanganyikiwe na miguu imfe ganzi. Ukigundulika mapema, hutibika.

Kwa hiyo rangi ya kopo na nchi lilikotoka hazinihusu. Tafuta sianokobalamini au methilkobalamini, ndiyo majina ya B12, kwenye lebo, kisha soma mikrogramu. Mtu mzima anahitaji 2.4 kwa siku.

Tatizo ni kwamba lebo yenyewe tunanyimwa. Muuzaji anahesabu vidonge kutoka kopo kubwa, anavimimina kwenye bahasha ya kaki, anaandika 1x3, basi. Jina la dawa hakuna, tarehe ya kuisha hakuna. Mzee wa miaka 75 anameza kitu ambacho hata wanawe hawakijui, na tumelipa. Dai uonyeshwe kopo.

Chaguo langu la kwanza ni Centrum Silver, kidonge cha vitamini mchanganyiko kwa wazee, na siyafichi mapenzi yangu. B12 yake inazidi kwa mbali mahitaji ya siku. Halafu ndiyo iliyotumika katika utafiti wa COSMOS-Mind wa Marekani, uliochapishwa 2022: wazee zaidi ya 2,000, kidonge kila siku kwa miaka mitatu, na waliopewa vitamini walifanya vizuri kiasi kwenye majaribio ya kumbukumbu kuliko waliopewa kidonge kitupu. Ni faida ndogo, na haijathibitika kwamba inazuia ugonjwa wa kusahau. Bei yake huku kwetu inauma, hilo sibishi.

La pili ni dagaa wetu. Analiwa mzima, ana B12 tele na mafuta ya omega-3. Ukifika Mwaloni, Kirumba, chagua waliokaushwa kwenye chanja. Wasugue kiganjani: mchanga ukibaki, waache, meno ya wazee hayawezi. Wakiwa wamegeuka njano na kunuka mafuta ya zamani, waache pia. Nimewashusha hadi nafasi hii kwa sababu moja ambayo wauzaji hawaigusi. B12 ya samaki imeshikamana na protini, na asidi ya tumbo ndiyo inayoiachanisha. Uzeeni asidi hiyo hupungua, na omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, huipunguza zaidi. Metformini ya kisukari nayo hupunguza unyonywaji wa B12. Ndiyo maana babu anaweza kula dagaa kila siku na bado akapungukiwa. B12 ya kidonge haihitaji asidi hiyo. Anayetumia metformini kwa miaka, mwombe daktari ampime. Huenda akahitaji sindano.

Neurobion, vidonge vya B1, B6 na B12, ina B12 ya kutosha, lakini B6 yake ni nyingi mno kumezwa mwaka mzima bila daktari, kwani B6 ikizidi kwa muda mrefu huharibu neva. Asidi ya foliki peke yake ni rahisi, ila inaweza kuficha upungufu wa damu huku neva zikiendelea kuharibika.

Aliyechanganyikiwa ghafla, ndani ya saa au siku chache, apelekwe hospitali leo leo.

Ginkgo, dawa ya majani ya mti, naiweka mkiani. Utafiti mkubwa wa Marekani uliotolewa 2008, wenye wazee zaidi ya 3,000, haukuona ikizuia ugonjwa wa kusahau, na inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini au aspirini. Bado wanaipitisha mlango kwa mlango kwa bei ya kutisha, wakiwalenga wajane wenye pensheni, na hakuna hata mmoja anayeuliza bibi anakunywa dawa gani.