GNS3 kwenye Ubuntu: maabara ya mitandao ndani ya kipakatalishi kimoja

Kwa mwanafunzi wa mitandao hapa Kisumu asiyeweza kununua ruta tatu za kufanyia mazoezi, GNS3 ni programu ya bure ya kuigiza mitandao ndani ya kompyuta, ninayoipendekeza kwa moyo mkunjufu. Niliiweka nyumbani, Kondele, kwenye kipakatalishi cha mtumba chenye RAM ya gigabaiti 8, na hatua za mwanzo hazikunisumbua: unaongeza hazina ya ppa:gns3/ppa, unasasisha orodha, kisha unaagiza gns3-gui na gns3-server.

Ugumu hujitokeza baadaye. Nilipoteza jioni nzima kabla ya kutambua kwamba, hata baada ya kuliongeza jina langu kwenye kundi la ubridge (programu inayounganisha vifaa vinavyoigizwa), ilinibidi nitoke na kuingia upya ndipo ruhusa ianze kufanya kazi.

Linalostahili uangalifu zaidi ni Idle-PC, thamani inayoonyesha ni wakati gani ruta haina kazi ili prosesa ipumzike. Ruta ya Cisco 7200 inayoigizwa na Dynamips, kiigizaji cha ruta kinachotumiwa na GNS3, hula nguvu ya prosesa hata pale isipokuwa na kazi yoyote, mpaka uipatie thamani hiyo. Feni yangu ilikuwa ikinguruma kama posho mill. Nilipobofya ruta kwa kitufe cha kulia na kuchagua thamani yenye alama ya nyota, ilinyamaza baada ya muda mfupi.

IOS yenyewe, yaani mfumo endeshi wa ruta za Cisco, haumo ndani ya programu, na ni lazima uupate kihalali. Asiyekuwa nao aanze na VPCS (kompyuta pepe nyepesi) mbili na swichi moja, ambazo hutumia kumbukumbu kidogo mno.