Baloo 2: fonti nene ya bure ambayo haikuangushi ukifika kuprinti

Wadau wa dizaini, kama kazi zako ni matangazo ya bethidei, vibao vya chekechea, lebo za juisi na aiskrimu, naamini na wewe umechoka kuiona fonti ya Cooper Black kila ukuta. Mi sina ugomvi nayo, ipo tangu 1922 na bado inauza, ila mteja akija na ile yao ya "nataka maandishi manene, yachangamke, yawe ya kitoto lakini yasiwe ya kitoto sana" (ndo wanavyosemaga), saivi namfungulia Baloo 2 na mara nyingi tunamalizana hapohapo.

Imechorwa na Ek Type, jamaa wa Mumbai, India, na inapatikana Google Fonts bure. Na ni bure ya kweli, siyo zile za "matumizi binafsi tu" ambazo watu wanazipakua halafu wanaprintia mifuko ya wateja kimyakimya. Leseni yake ni SIL Open Font License, yani unaiweka kwenye kazi ya biashara, kwenye tisheti, kwenye apu, hata kuihariri ruksa, kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake.

Kilichonifanya niipende ni unene. Baloo ya mwanzo ilikuwa na unene mmoja tu, mnene haswa, kwahiyo ukiandika kichwa cha habari ilikuwa lazima ukatafute fonti nyingine ya maelezo ya chini na hapo ndo matangazo mengi yanapoharibika. Baloo 2 ina unene unaohesabiwa kwa namba, namba ikipanda herufi zinanenepa, inaanzia 400 mpaka 800, jumla mitano, kwahiyo jina la duka unaweka 800, bei 700, namba ya simu 500 na vyote vinaonekana ndugu wa tumbo moja. Herufi ni nono, kona zimelainishwa, na Kiswahili kinakaa vizuri sana humo kwa sababu maneno yetu yamejaa a, o na u, andika tu "Mandazi ya Moto" au "Hongera Mama" uone yale matumbo yanavyojipanga. Kwa wanaokata stika kwa mashine kuna faida nyingine, kona ya mviringo haibanduki kirahisi kama ile yenye ncha kali, hasa stika ikikaa nje kwenye jua na vumbi au kwenye gari linalooshwa kila siku.

Sasa lawama. Nafasi kati ya mstari na mstari ni kubwa aisee! Sababu ipo: fonti hii ndani yake ina maandishi ya Devanagari, yale ya Kihindi, na yale yana alama zinazopanda juu na kushuka chini ya herufi kwahiyo lazima zipewe pa kupumulia, ila wewe unayeandika Kiswahili chako unajikuta mistari miwili imeachana kama imegombana. Punguza nafasi kwa mkono, usiiache ilivyo. Wanaotengeneza tovuti nao wataona maandishi kwenye vitufe hayakai katikati, inabidi kusukumasukuma. Halafu ule unene wa 800 usiuweke kwenye maandishi madogo, vitundu vya a na e vinaziba, ukienda kuprinti tisheti kwa skrini wino unamalizia kabisa. Na tafadhali, fonti hii siyo ya tanzia. Nimeona tangazo la msiba limeandikwa na fonti nene ya furaha namna hii, mtu unasoma "amefariki" unahisi kuna keki mahali.

Wengi wataniuliza kuhusu Fredoka, fonti nyingine ya aina hii. Fredoka ni ya mviringo zaidi, inateleza kama puto, na siku hizi inaanzia 300 mpaka 700 na upana wake unarekebishika pia, kwahiyo ukibanwa na kibao chembamba hiyo inakusaidia zaidi. Ila kwa macho yangu ni ya kitoto zaidi, chekechea sawa, mgahawa wa chips kuku nitabaki na Baloo.

Ila pale Baloo inapoacha wenzake mbali ni kwa ndugu zake. Kuna Baloo Bhaijaan 2 yenye herufi za Kiarabu, na kama uko Zanzibar, Tanga au Mombasa unajua kazi za madrasa zilivyo, jina kwa Kiarabu juu, Kiswahili chini, na kwa kawaida Kiarabu kinakuwa chembamba cha kompyuta halafu Kiswahili kinene, yani kibao kimoja kama kimeandikwa na watu wawili wasioongea. Hapa vyote vinatoka mkono mmoja. Wenye wateja Wagujarati wa maduka ya vitamu, ichukue Baloo Bhai 2, hiyo ndo yenye herufi zao.

Mnaotumia simu na PixelLab, ile apu ya kuandika juu ya picha: mkishapakua, fungueni zipu mwingie kwenye folda iliyoandikwa static mchukue mafaili ya humo, kila unene una faili lake. Lile faili moja kubwa la nje lina unene wote ndani yake, na apu nyingi za simu hazijui kuuchagua, zinakupa ule mwembamba tu halafu mnakuja kusema fonti haina unene.