Uzoefu wangu na aria2, programu ya kupakua mafaili: faiba ya megabiti 200, mafaili yanatambaa

Nyumbani kwangu Dar es Salaam nalipia faiba ya megabiti 200 kwa sekunde. Kipimo cha spidi kwenye simu kilikuwa kinasoma 190 na ushee, ila nikipakua Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta wa bure, faili la karibu gigabaiti 6, kutoka seva iliyoko Ulaya, kompyuta inavuta megabaiti 1.3 kwa sekunde. Hapo ni zaidi ya saa moja na robo.

Kwanza tuelewane kwenye hesabu. Kampuni zinauza kwa megabiti, programu za kupakua zinaonyesha megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti 8. Kwa hiyo megabiti 200 zikija zote utaona 25, usitegemee 200. Lakini 1.3 iko mbali mno na 25.

Kompyuta yangu naiunganisha kwa waya, hivyo waifai niliiweka kando nikaangalia mipangilio ya mtandao ya Windows. Kasi ya kiungo, yaani kati ya kompyuta na ruta, ilisomeka megabiti 100/100, wakati ruta na kompyuta zote zina uwezo wa 1000. Nikachomoa waya nikaumulika kwa tochi ya simu: ndani ya kile kichwa cha plastiki, uzi wa kahawia haukuwa umefika kwenye meno. Kasi ya 1000 inahitaji nyuzi zote nane. Kasi ya 100 inatosheka na nne, na huo wa kahawia haumo, ndiyo maana mtandao ulikuwa unafanya kazi vizuri tu bila kulalamika. Fundi wa mtaani akabana kichwa kipya, kiungo kikapanda hadi 1000, na kipimo kwenye kompyuta kikatoka 94 hadi 190.

Ubuntu ikabaki palepale, 1.3.

Hapa ndipo watu wengi humpigia mtoa huduma na kugombana naye, ilhali kosa si lake. Kipimo cha spidi huchagua seva ya karibu, mara nyingi ya hapahapa Dar. Faili langu linatoka ng'ambo kupitia mikongo ya baharini, na kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100. Seva hutuma fungu, husubiri ijibiwe kwamba limefika, ndipo iendelee. Kipande kimoja cha data kikipotea njiani, inapunguza mwendo, na kadiri safari ilivyo ndefu ndivyo inavyochelewa kuupandisha tena. Muunganisho mmoja hauwezi kujaza bomba lote.

Dawa yangu imekuwa aria2. Ni ya bure, ipo kwa Windows, Linux na Mac, na inagawa faili vipande ikivivuta kwa miunganisho kadhaa kwa wakati mmoja. Naandika hivi:

aria2c -x 8 -s 8 -c, kisha anwani ya faili mtandaoni.

Hiyo -x ni idadi ya miunganisho kwa seva moja, na -s ni idadi ya vipande. Ile -x usiiache. Bila kuielekeza, aria2 hufungua muunganisho mmoja tu kwa kila seva, na utasema haina maajabu. Ile -c huendeleza faili lilipokatikia, na umeme wetu huu, mimi naipenda hiyo kuliko hata spidi. Ubuntu ileile, seva ileile, ikaja kwa megabaiti 10 kwa sekunde. Dakika kumi hivi, limekwisha.

Kasoro zipo. Haina madirisha wala vitufe, unaandika amri, na mtu asiyezoea ataona taabu. Mafaili chini ya megabaiti 40 haiyagawi usipobadilisha mipangilio. Seva nyingine zinakataa miunganisho mingi, na zile zinazoendeshwa kwa kujitolea si uungwana kuzibana. Kikomo cha aria2 ni miunganisho 16 kwa seva moja, mimi siendi zaidi ya 8. Nikikuta seva inakataa, natafuta nakala ya faili kwenye seva ya Afrika Kusini au Kenya kabla ya kitu kingine chochote.

Naipa nyota nne na nusu kati ya tano.