TAHADHARI: Jamaa wa "mawe ya almasi" ya kunolea visu pale Kabwe, Mbeya. Mimi nimeshaingizwa mjini, nyie msiingie

Wakuu, nimepigwa. Naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, kwa hiyo nikirukaruka mtanivumilia. Shilingi 45,000, na si hela yangu, ni hela ya kikundi chetu cha kubebesha miche ya parachichi. Wenzangu wa kitaluni mnajua ile hela ilitoka wapi na ilikuwa ya kazi gani, sina haja ya kurudia. Mnamjua pia yule aliyesema kwenye kikao "mpeni huyu aende, huyu hadanganyiki". Haya, huyo asiyedanganyika ndiye anayeandika.

Kisu changu cha kubebeshea ni kile kile mnachokijua, cha kukunja, cha mpini wa mbao, nilichoachiwa na mzee mmoja. Kilikuwa kimeanza kuwa butu. Na kazi ya kubebesha parachichi haitaki kisu butu. Mche wa kienyeji ukishafika unene wa penseli unaukata kichwa, unaupasua katikati, unachonga kikonyo (kijiti) cha Hass, ile aina ya parachichi tunayoitaka, kama kabari, unakichomeka, unafunga nailoni. Kisu kikiwa na makali, mkato unang'aa na maganda yanakutana. Kikiwa butu kinasaga, na kikonyo kilichosagwa hakishiki, kinakauka kabla hata hujarudi kukiangalia. Sasa kwa mtu anayelipwa kwa idadi ya miche iliyoshika, makali ndiyo mshahara.

Jumamosi nikapanda daladala kutoka Uyole, nikashuka Kabwe, nikanunua nailoni zetu Mwanjelwa. Wakati narudi kituoni nikasikia kipaza sauti: "Almasi hainoi kisu, inakizaa upya!" Maneno yenyewe ya kijinga, lakini miguu ikasimama.

Meza ilikuwa ya turubai la bluu, ndoo ya maji chini, nyanya kama kumi, magazeti ya zamani, na ubao mmoja mpana aliokuwa akiegemezea jiwe. Maboksi yamepangwa nyuma yake, yamefungwa kwa nailoni, na picha ya almasi juu. Jamaa msafi, ana aproni kama ya fundi. Akanitazama tu akasema, "Ugonile, malafyale." Jamani. Mtu akikuita chifu kwa Kinyakyusa mbele za watu, wewe utafanya nini? Niliitikia kama chifu kweli.

Akauliza, "Hapo mfukoni hukosi kisu." Sijui alijuaje. Labda mfuko ulitokeza, labda huuliza kila mwanaume. Nikakitoa. Akakifungua, akakipitishia kidole gumba, akaguna. "Malafyale, kisu cha namna hii unakiacha mpaka kinakuwa kijiko?" Watu wakacheka. Nikacheka nami, mjinga.

Akachovya jiwe kwenye ndoo. Jiwe jeusi tii, upana wa kiganja, upande mmoja una punje zinazometa. Akanipa nilishike. Nililishika kwa mkono wangu huu, wakuu, likakwaruza kama ulimi wa ng'ombe. Lilikuwa jiwe la kweli lile, siwezi kulisingizia. Msomaji akitaka kuniuliza "ulikuwa huoni?", jibu ni kwamba niliona na nilishika, na ndiyo maana nikaamini.

Akaanza kunoa. Mara kumi upande huu, mara kumi upande ule, nahesabu kimoyomoyo. Upande ule! Kisu cha kubebeshea kama changu kina makali upande mmoja tu, upande wa pili ni bapa kwa makusudi, ndio unaolala juu ya kikonyo ukatoa mkato ulionyooka. Fundi yeyote wa visu angeliona hilo kabla ya salamu. Mimi niliona anauharibu ule ubapa, nikajua kabisa anauharibu, nikanyamaza, maana watu wamezunguka na mimi pale ni malafyale.

Halafu likaja lile ninalolirudia usiku mpaka mke wangu ananiambia nizime taa ya kichwani mwangu. Kwenye ule ubao kulikuwa na mwanya mdogo, pembeni, karibu na tumbo lake. Akakichomeka kisu pale, akakivuta. Mara tatu, kwa nguvu. Akasema, "Hapa nakausha maji tu." Kikalia kwiii. Kwiii! Nani amewahi kukausha maji kisu kikalia kwiii? Kitambaa kipo begani kwake!

Akachukua gazeti, akalishika juu, akalishushia kisu kutoka juu kwenda chini. Gazeti likaachia kama maji. Akachukua nyanya, akaikata vipande vyembamba unaona mwanga upande wa pili. Watu wakapiga makofi. Mzee mmoja wa koti la kahawia, amesimama bega kwa bega nami, akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya mtu anayekuhurumia, "Mimi nilichukua moja mwezi uliopita, leo nimerudia la mwanangu." Mzee wa koti! Mvi kichwani! Ningemshuku vipi?

Bei moja elfu kumi na nane. Nikabembeleza, akakataa, nikabembeleza tena, mzee wa koti akanisaidia kubembeleza, basi matatu kwa elfu arobaini na tano. Nikajiona nimewaokolea wenzangu elfu tisa. Nikataka kufungua boksi niangalie. Akaweka mkono juu yake taratibu: "Malafyale, nailoni ikikatika siwezi kuuza tena kama jipya. Kisu si kimeshaongea?" Kweli, kisu kilikuwa kimeongea. Nikatuma hela kwa simu. Jina likatokea la mwanamke. Akasema ni la mke wake. "Ndaga fijo," akaniambia. Na mimi nikamshukuru. NILIMSHUKURU.

Jumatatu kitaluni nilianza kwa mbwembwe, mlioniona mnajua. Miche ya kwanza ilikwenda vizuri. Kufika kama wa kumi na tano nikaona kikonyo kinatoa nyuzinyuzi badala ya mkato. Wa ishirini ganda linachubuka. Nikasema hapana shida, jiwe lipo, nikafungua boksi mbele ya wote.

Jiwe jeusi, ndiyo. Punje zinazometa, ndiyo. Nikalichovya kwenye ndoo, nikanoa. Ndoo ikaanza kuwa ya kijivu. Nikanoa zaidi, vidole vikawa vyeusi kama nimepakua mkaa. Rangi ilikuwa inatoka! Chini ya rangi kuna kitu cha kijivu, laini kwingine, kigumu kwingine, kisu kinaruka kama bajaji kwenye mashimo. Kijana wetu mdogo kabisa, yule wa mwaka huu, akainama akatazama akasema, "Kaka, hili jiwe lina kokoto."

Lilikuwa na kokoto. Nikachukua nyundo nikalipasua. Ni saruji na mchanga, wakuu. Mtu amechanganya saruji na mchanga wa mtoni, akamimina kwenye kifyatulio kidogo, akapaka rangi, akamwagia unga unaometa juu kabla rangi haijakauka. Tofali! Nimenunua tofali matatu madogo kwa elfu kumi na tano kila moja, wakati kuna mtu hapa anajenga na hajawahi kulipa bei hiyo kwa tofali kubwa.

Na makali yale ya Jumamosi? Nilimpelekea kisu fundi mmoja wa kunoa anayetembeza baiskeli. Akakigeuza juani, akaniuliza, "Nani kakipitisha kwenye V?" Ndani ya mwanya wa ule ubao kuna vipande viwili vya chuma kigumu sana, vimepishana kama herufi V. Ukivuta kisu hapo hakinolewi, kinakwanguliwa. Chuma kinatoka kama unavyomenya kiazi, makali yanabaki na vimeno vidogo ambavyo huvioni. Vimeno hivyo vinauma gazeti na nyanya vizuri sana, kwa muda mfupi, halafu vinalala na kukatika. Kwa hiyo jiwe la mezani lilikuwa zuri, kisu kilinolewa na V iliyofichwa, na ndani ya boksi kuna tofali. Nimeuziwa mbuzi kwenye gunia, na gunia lenyewe nimelipia.

Huyu mtu namtaka. Sitaki apigwe, sitaki moto, tusije tukaingia kwenye mambo yale. Nataka akamatwe na ule ubao wake mkononi. Gereza la Ruanda liko hapo hapo mjini, si mbali na meza yake. Akae humo, na kila asubuhi apewe majembe ya wafungwa wote ayanoe kwa mawe yake mwenyewe, na asile mpaka jembe likate gazeti. Na mzee wa koti awe anamshikia ndoo. Maana mama mmoja anayeuza chai pale kaniambia Jumatano nilipomfuata: yule mzee hununua jiwe kila siku, mara mbili siku ya soko, na chai yao hunywa pamoja. Mzee mwenye mvi! Huyo ndiye anayeniuma kuliko hata mwenye meza. Nimetoa taarifa polisi, na bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani, huko nako nitafika. Aliyewahi kupigwa kama mimi ajitokeze twende wengi, mtu mmoja mwenye tofali mkononi anachekwa.

Mtaniuliza dalili za utapeli huu. Dalili ni hizo nilizosema. Boksi huruhusiwi kufungua. Hela inakwenda kwenye jina jingine. Kisu kinapita sehemu mbili na wewe unaambiwa uangalie moja. Na gazeti: lichane kwa mkono kutoka juu kwenda chini, litanyooka lenyewe, lichane kwa upana, litapinda na kukwama. Mwambie akate kwa upana. Sikumwambia. Tena mwambie akuuzie lile lile alilonolea, uone atakavyokumbuka ghafla kwamba ni la ofisi.

Kwa wale wenzangu ambao sasa hawana jiwe kwa sababu yangu, kisu changu kimerudi na nimetumia kama elfu tatu. Nilinunua msasa wa maji, karatasi tatu, namba 400, 1000 na 2000, duka la vifaa vya rangi za magari. Nikachukua kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjika (ng'oeni zile ncha kwanza, mimi nimejikata), nikalaza msasa juu yake na maji kidogo unajishika wenyewe. Kioo ni kwa sababu kimenyooka, meza zetu zote zina tumbo. Unaanza na 400, unalaza ule mteremko wa makali wote ugusane na msasa, usiinue mgongo wala usiulaze zaidi. Wasiojua mteremko wao ulipo, wapake wino wa kalamu ya kuandikia kwenye makali: wino unapofutika ndipo msasa unapogusa. Unanoa upande huo huo mmoja mpaka kwenye upande wa bapa uhisi kwa kidole kijiuzi chembamba cha chuma kimejikunja, kuanzia shinani hadi nchani. Kisipotokea, hujamaliza, usiende namba nyingine. Ukikipata unageuza, unalaza ubapa wote juu ya msasa laini, mara mbili tatu bila kukandamiza, kinaondoka. Halafu 1000, halafu 2000, halafu mkanda wa suruali wa ngozi, ule wa zamani, unavuta kisu kinyumenyume juu yake. Kinyumenyume, ukienda mbele unaukata mkanda.

Mimi ilinichukua jioni mbili, maana ule upande alioniharibia ilibidi niulaze kwenye namba 400 mpaka makwaruzo yake yote yaishe. Chuma nilichokipoteza hapo hakirudi, na hilo nalo aandikiwe.

Kwa kushtua makali katikati ya kazi, geuzeni kikombe cha kauri. Ile duara ya chini isiyo na mng'ao, inayokaa mezani, inanoa. Pitisha kisu polepole mara tano sita. Nimejisikia vibaya zaidi kugundua kwamba kinoo kilikuwa kabatini kwangu miaka yote nakinywea chai. Na msikubali mashine ya kasi inayotoa cheche kwa visu hivi vyembamba: makali yakibadilika rangi yakawa ya bluu, chuma kimeshalainika na hakitashika makali hapo mahali tena mpaka ukiondoe.

Hela ya kikundi nitairudisha, elfu kumi na tano kila mwisho wa mwezi, mwekahazina ameshaandika. Mwenye meza hayuko pale tangu Jumatano, kuna aliyesema kamwona Mbalizi, mwingine anasema Tunduma. Wa Iringa na Makambako nanyi mfungue macho, mtu wa namna hii haishi sehemu moja. Boksi la tatu sijalifungua, nalitunza hivyo hivyo na nailoni yake kwa ajili ya polisi. Ile namba niliyotumia hela nimeipiga tena sasa hivi kabla ya kuweka andiko hili. Imepokelewa na mtoto mdogo, akasema baba kaenda kununua saruji.