Dadu za Mninga za Fundi wa Tabora
Katika mkusanyiko wangu wa dadu, ninaithamini zaidi seti iliyochongwa kwa mninga na fundi seremala wa hapa Tabora, yenye dadu saba za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20, zile za pande 10 zikiwa mbili ili zikirushwa pamoja zitoe asilimia, yaani namba kuanzia 1 hadi 100. Kwenye dadu ya pande 20, jumla ya namba za pande zinazotazamana ni 21, kama inavyotakiwa, na kingo zake, ambazo fundi hakuzilainisha kupita kiasi, huifanya itulie mapema mezani. Ile ya pande 4 ina ncha kali mno. Mninga hauvimbi wala kusinyaa sana, jambo linalofaa msimu wa mvua. Hata hivyo, kwa kuwa uzito wa mbao hutofautiana ndani ya kipande kimoja, na hivyo dadu inaweza kuegemea upande mmoja, kwa mashindano ningependekeza dadu za plastiki.